Kifua cha Babu na Ufagio wa Bibi Lea

Kinampanda,
14 Juni 2023

Mke wangu mdogo Evodia,

Mumeo mzee mwenye meno sita anakusalimu. Kama wewe na wa kwenu huko Dodoma mmeamka salama, hilo ndilo jambo zuri la kwanza nililolisikia wiki hii. Huku tunapumua, ingawa mmoja wetu anapumua kwa shida, na huko nitafika. Bibi yako Lea hajambo, anakula. Alizeti ilikubali, mtama uligoma. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama mwenye sura ya mwenyekiti wa kitongoji, nimekatazwa kumpa jina. Shangazi yako Happiness alikuja kutoka Mgori, akakaa siku mbili, akalalamika siku mbili, akaondoka.

Najua utasema, Babu si ana simu? Simu ninayo. Sikio la kulia limestaafu na la kushoto linafanya kibarua. Ukipiga, inabidi jirani yangu Manase aishike, anipigie kelele ulichosema, na mimi nijibu kwa kelele, na walioko kisimani waitikie amina. Haya ya leo si ya kuitikiwa amina. Barua nimempa Festo, kondakta wa basi la asubuhi, akuletee pale dukani unapouza dawa. Mpe soda, asije akanung'unika njia nzima.

Jambo lenyewe ni pua. Tangu mwezi wa tano nikiamka napiga chafya kumi na moja, kumi na mbili, mfululizo, mpaka kuku wanajitoa nje wenyewe. Macho yanawasha na kutoka machozi, watu wa kanisani wanadhani nimeokoka upya. Kisha kifua kinabana, kinapiga filimbi. Zahanati yule daktari kijana akaniwekea chombo chake mgongoni, akasema, "Mzee, una aleji ya vumbi la ndani ya nyumba."

Nikamwambia, "Daktari, nimezaliwa vumbini, nimelima vumbi, nimeoa nikiwa na vumbi kichwani. Miaka sabini na saba. Leo ndiyo limenichukia?"

Akasema inawezekana. Akanipa vidonge vinavyonilaza kama mtoto aliyeshiba ziwa, akaniambia nikaondoe vumbi nyumbani. Sasa sakafu ni udongo, kuta ni udongo, na mimi mwenyewe mchungaji ananikumbusha kila msiba kwamba ni udongo. Nianzie wapi?

Nitafutie dawa kali zaidi. Na baba yako Godfrey usimwambie. Mwanangu yule ana haraka, ataanza kupanga mipango.

Ni mimi niliyekuoa kwa mdomo tu,
Babu Melkizedeki


Dodoma,
3 Julai 2023

Babu, shikamoo. Na Bibi mfikishie shikamoo yake kabla hujasoma mbele, nakufahamu.

Sisi wazima. Joto limepungua, upepo umeanza, na huku nako vumbi lipo usidhani. Baba mgongo unamsumbua lakini anakwenda kazini. Mama anasema asante kwa mahindi. Festo nimempa soda, akaomba na andazi.

Mume wangu, aleji haingoji umri. Kuna watu wanaipata uzeeni. Barua yako nilimwonyesha daktari wa jirani na duka letu, akacheka kwanza, halafu akaandika. Pampu ya bluu imo ndani ya kifurushi. Itikise, toa pumzi yote nje, weka mdomoni, bonyeza huku unavuta taratibu, ushikilie pumzi mpaka uhesabu kumi. Usiivute kama kiko.

Ila daktari anasema dawa bila usafi ni kazi bure. Kuku wasilale ndani. Godoro lifunike nailoni. Mablanketi yafuliwe, yaanikwe jua kali. Meza na madirisha yapanguswe kwa kitambaa kibichi, siyo kikavu. Na nyumba isifagiliwe kabla ya kunyunyiza maji, na wewe uwe nje inapofagiliwa.

Hilo la mwisho sikulielewa. Bibi hafagii bila maji. Mimi mwenyewe alinichapa kofi nikiwa darasa la pili kwa sababu nilimtimulia vumbi kwenye uji. Sasa hilo vumbi linatoka wapi? Nani anafagia hapo nyumbani, na anafagiaje?

Mjukuu wako,
Evodia


Kinampanda,
29 Julai 2023

Kwa Evodia, daktari wa pua yangu,

Salamu zako zimefika zikiwa na afya kuliko mimi. Bibi yako amepokea shikamoo, akafurahi, akauliza kama umeshaanza shule. Upepo huku unavuma kama umelipwa. Mzee Laurian wa kule bondeni tumemzika Jumamosi, alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, sikupenda.

Nimekutii kama mtoto wa kipaimara. Kuku nimewahamisha. Nimewajengea banda la miti nyuma ya jiko, wakakataa. Jogoo alisimama mlangoni siku tatu akinitazama kama mtu aliyenyang'anywa urithi. Nikamwambia, "Bwana, ni amri ya Dodoma." Akakubali baada ya kicheche aliyekuwa akizunguka banda kwenda mbali.

Godoro nimelivalisha nailoni. Nikigeuka linapiga kelele, Manase akauliza asubuhi kama nimenunua pikipiki. Mablanketi niliyaanika kwenye ua wa miiba, mbuzi akala pembe ya lile la kijani. Kwa hiyo blanketi moja sasa halina vumbi na halina pembe.

Pampu nayo! Nilibonyeza mara ya kwanza ikatoka "psss", nikaitupa, nilidhani ni nyoka. Sasa nimeizoea. Niliivuta kanisani wakati wa matangazo, wazee wa mbele wote wakageuka. Melkizedeki wa kwaya aliniuliza, "Jina langu, hiyo inauzwa wapi? Mimi kifua sina shida ila naipenda." Inasaidia. Nusu saa nakuwa kijana, ningekufukuza tukashindana.

Ila filimbi inarudi. Ikifika saa nne asubuhi inarudi, na mchana tena, na jioni. Nimeshindwa kulala chali. Nalala nimeketi, nimeegemea gunia la alizeti, na siku ikipambazuka mabega yanauma kuliko kifua.

Uliuliza na nani anafagia. Nyumba inafagiliwa.

Nitumie pampu nyingine, hii inakaribia kuisha.

Mumeo asiyelala,
Babu M.


Dodoma,
19 Agosti 2023

Shikamoo Babu. Poleni kwa msiba wa Mzee Laurian. Sisi hatujambo. Pampu mbili hizi hapa, lakini pampu ya mwezi mzima wewe umeimaliza kwa wiki tatu. Hilo silipendi, na daktari halipendi.

Nina miaka thelathini na moja. Bibi anaulizaje kama nimeanza shule?

Shangazi Happiness alituambia kwamba alipokuja mwezi wa sita Bibi alimwita kwa jina la mama wa Bibi mwenyewe, aliyekufa zamani. Wewe uliandika tu kwamba Shangazi alilalamika.

Babu, naomba unijibu haya. Bibi anapika mwenyewe? Anaweza kupanda basi mpaka Dodoma bila shida? Na wewe, kama ungepata nafasi ya kukaa kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji na dari, hata kwa muda, ungekwenda?

Mjukuu wako,
Evodia


Kinampanda,
9 Septemba 2023

Evodia,

Hatujambo.

Maswali ya mwisho matatu si yako. Mkono ni wako lakini harufu ni ya baba yako. Nilimlea mimi, namjua anavyouliza jambo akiwa ameshalijibu.

Bibi yako hapandi basi lolote. Pampu zimefika.

Melkizedeki


Dodoma,
1 Oktoba 2023

Shikamoo Babu.

Nimechelewa kwa sababu niliona aibu. Ni kweli. Baba anazisoma barua zako tangu ile ya kwanza. Aliikuta mezani, na mimi sikuificha, maana niliogopa kifua chako kuliko nilivyoogopa hasira yako. Nisamehe.

Wameshaongea yeye na Shangazi. Bibi aje hapa Dodoma, alale chumba changu, Mama amwangalie. Wewe uende Mgori kwa Shangazi, kwenye nyumba ya saruji. Ng'ombe wauzwe. Baba anasema wewe ukibaki kwenye vumbi utakufa, Bibi akibaki na wewe mgonjwa naye atakufa, bora tuwaokoe mmoja mmoja. Anakuja mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijakolea, na atakuja na begi la nguo za Bibi.

Mimi nimewaambia kwamba ninyi wawili hamjalala nyumba mbili tofauti tangu nizaliwe. Baba akasema hiyo siyo dawa.

Babu, niambie ukweli wa hapo nyumbani nipate neno la kuwatetea. Nikikaa na utani wako peke yake, nitashindwa.

Evodia wako


Kinampanda,
15 Oktoba 2023

Mke wangu mdogo,

Karatasi hii nimekaa nayo siku nne. Salamu zichukue zote kwa pamoja, uzigawe mwenyewe. Aibu yako nimeipokea, nimeiweka karibu na ya kwangu.

Kwamba tutagawanywa, huyu Dodoma, huyu Mgori, kama mbuzi wa urithi, nililijua mapema kuliko wao. Ndiyo maana nilinyamaza.

Anayefagia ni bibi yako. Anafagia kukipambazuka, anafagia saa nne, anafagia tukiwa tunakula. Anaanzia chumbani anatoka hadi uani, akifika uani anarudi chumbani. Maji ameyasahau. Miaka hamsini na sita alinyunyiza kwanza, halafu siku moja mwezi wa tano mkono ukaacha kwenda kwenye ndoo. Nikinyunyiza mimi anakasirika, "Nani kamwaga maji ndani?" Anachota udongo mkavu nje, anamwagia pale palipolowa, anaanza upya.

Nikaficha ufagio. Alifagia kwa viganja, Evodia. Alipiga magoti akafagia kwa viganja mpaka kucha zikatoa damu, na mimi nimesimama hapo na pampu yako. Kesho yake nikaenda porini nikamkatia ufagio mpya. Huu wa sasa ni wa nne. Wewe unatuma dawa ya vumbi, na mimi nakata fagio za kulitimua. Sasa unajua kwa nini pampu zinaisha.

Hapiki. Napika mimi, ndiyo maana nimekonda. Mimi ananiita mgeni. "Pisha miguu, mgeni, nifagie." Napisha. Nikitoka nje ananifuata kwa sura ya wasiwasi, anadhani sijaaga, kwa hiyo narudi kuketi, nafunika pua kwa kofia.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, mbona unafagia hivyo? Pameshakuwa safi."

Akasema, "Mume wangu yuko Kilosa kwenye mkonge. Anakuja. Asikute uchafu."

Nilikwenda Kilosa mwaka sitini na tisa, baba yako akiwa bado mgongoni. Nilimwambia ni miezi miwili. Nilikaa miaka miwili, na kuandika nilijua, sikuandika hata mstari. Nilikuwa wapi na nafanya nini, hayo hata wewe sikuambii. Niliporudi nilikuta nyumba safi, na hakuniuliza neno.

Basi vumbi ninalolivuta ni la kungojewa mimi. Hilo daktari aliandikie dawa gani? Nimechoka, sikufichi. Lakini mkimpeleka Dodoma atafagia nyumba ya watu akimngojea mtu ambaye mmemficha Mgori.

Mwambie baba yako, au usimwambie. Ataisoma tu.

Babu yako


Dodoma,
6 Novemba 2023

Shikamoo Babu.

Ameisoma. Akatoka nje, akakaa kwenye gari la jirani mpaka mwenye gari akaja. Lakini begi amenunua. Anafika tarehe kumi na nane.

Nimeweka vidonge na pampu tatu, na barakoa, uvae anapofagia. Sikujua niandike nini kingine. Nimemlilia Bibi, nimekulilia na wewe, usinicheke.

Evodia


Kinampanda,
3 Desemba 2023

Mke wangu mdogo Evodia,

Mvua imefika, Mungu ana maji kuliko sisi. Ndama mwenyekiti amenenepa. Shangazi yako amenuna, itampita. Baba yako najua ameshafika huko salama, na najua hajakusimulia, kwa hiyo shika kikombe cha chai, nikusimulie mimi.

Alifika jioni na begi jeusi la magurudumu. Magurudumu Kinampanda! Mama yake akampokea vizuri sana, akampa kiti, akamuuliza, "Umetumwa na mume wangu?" Godfrey akasema, "Mama, ni mimi." Akamjibu, "Ndiyo, karibu, lakini umetumwa na mume wangu?" Mtu wa miaka hamsini na kitu, Evodia, alikosa pa kuweka mikono yake.

Asubuhi akaona ufagio. Akaona na mimi nje chini ya paa, nimeshika ukuta, filimbi inapiga. Akaniletea pampu mwenyewe. Nilipopata sauti, akasema, "Baba, unaona? Keshokutwa tunaondoka."

Nikasema, "Ondoka wewe, magurudumu unayo."

"Baba, utakufa hapa."

"Na Mgori hawafi?"

"Si utani, baba."

"Mimi nikiacha utani nitabaki na nini, Godfrey?"

Akaingia ndani kupanga nguo za mama yake kwenye begi. Khanga zake, lile koti la sufu, viatu vya kanisani. Alizipanga vizuri kuliko nilivyotegemea, nikaona ni kweli anampenda, na hilo likanichosha zaidi.

Siku ya safari niliamka kabla yao. Nikaiba begi. Usinitazame hivyo, mke wangu, begi likikosekana basi la asubuhi linapita, na siku moja ni siku. Nilitaka kulificha kwa Manase. Barabarani nikaishiwa pumzi. Mguu wa kwenda upo, kifua hakipo. Nikakaa juu ya begi la mke wangu pembeni ya njia, nikavuta pampu, haikutoa kitu, nikaona ujinga wangu wote umenikalia. Nikageuka. Naburuta begi, vumbi limenijaa magotini, kofia imeanguka sijui wapi. Sikupitia uani tulikozoea. Nilikuwa nimechoka, nikaingia kwa mlango wa mbele ulio karibu, nikasema hodi ili nisigongane na Godfrey akiwa na hasira.

Lea alikuwa ameinama na ufagio katikati ya nyumba. Akanyanyuka. Akatazama begi, akatazama miguu yangu, akanitazama usoni.

Akasema, "Umerudi."

Nikasema, "Nimerudi."

Akaupeleka ufagio nyuma ya mlango, akauegemeza. Kwa mama yake walikuwa na desturi hiyo, mtu akitoka safari nyumba haifagiliwi siku ile, ukifagia unamfagia na baraka zake. Nilikuwa nimeisahau. Yeye amesahau jina la mwanawe, hiyo hakuisahau. Akanivua viatu. Akaketi kwenye kigoda, siku nzima, mikono imelala mapajani, vumbi nalo limelala chini, na mimi napumua kama watu.

Kisha akauliza, polepole, bila ugomvi, "Mbona hukuandika?"

Godfrey alikuwa amesimama mlango wa chumbani anasikia. Sikuwa na utani wa kumpa mtu yeyote. Nikasema nilikosea. Akasema, "Haya, pole na safari."

Baba yako hakupanda basi siku ile, wala kesho yake. Alinunua saruji mfuko mmoja mjini Kiomboi, akasakafia chumba cha kulala, vibaya, kuna mlima upande wa dirisha. Halafu akatoa nguo za mama yake kwenye begi moja moja, akazirudisha kwenye sanduku. Begi akaniachia. Alipoaga aliniambia, "Mkizidiwa nitakuja tena, baba." Nikasema sawa. Si kwamba ameshindwa, ni kwamba ameahirisha. Namjua.

Sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Kila siku nachukua begi, nimelitia magunzi liwe na uzito, natembea mpaka njia panda, nageuka, nabisha hodi mbele. Manase na watu wake wanachungulia na kucheka, waache. Siku nyingine ananijua, ufagio unalala, chafya zinakuwa mbili, moja ya mazoea. Siku nyingine anasema, "Mgeni, mume wangu hayupo, pisha nifagie," na hapo navaa barakoa yako na kushika pampu. Wiki hii ameniona mara tatu. Mara zote tatu ameniuliza mbona sikuandika, na mara zote tatu nimejibu upya, maana kwake ni mara ya kwanza.

Nimechoka, Evodia. Kurudi kila siku kwa umri huu si mchezo. Tuma pampu, tuma na soksi.

Naishia hapo, kunapambazuka. Nasikia bibi yako ameamka anapapasa nyuma ya mlango, na mimi sijafika njia panda.

Melkizedeki, aliyeko safarini